UZI: Pama za zamani kwenye minada ya mtandaoni. Je, kuvizia sekunde ya mwisho ni utovu wa adabu?

Pama la Babu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Hili jambo limekuwa likijadiliwa juu juu kwenye nyuzi za mitumba, nikaona nilipe uzi wake. Wengi wetu tunaopenda pama za felti za zamani, zile za Stetson, Dobbs, Knox, Mallory na Borsalino, tunazipata eBay. Na haipiti wiki bila mtu kuja analia: "Nimeongoza siku sita, imebaki sekunde tatu mtu kanipora." Mimi mwenyewe nililia hivyo hivyo. Leo sioni kwamba niliporwa, na nataka nieleze kwa nini.

Babu yangu alikuwa karani wa reli Tabora. Alikuwa na pama moja la kijivu, la kwenda kanisani na la siku ya mshahara. Alipofariki tulilikuta kwenye sanduku la bati nondo wamelimaliza. Kilichobaki kinasomeka ni mhuri kwenye ngozi ya ndani: Stetson, saizi 7 3/8. Tangu siku hiyo natafuta ndugu yake.

Mwaka 2019 nikamwona. Kijivu kile kile, saizi ile ile, kwa muuzaji wa Ohio, Marekani. Dada yangu anaishi huko, kwa hiyo mzigo ungefikia kwake. Nikaweka dau la juu kabisa la $55. Bei ikasimama $41, jina langu juu. Siku sita. Usiku wa mwisho nimekaa na simu mkononi, zikabaki sekunde nne, ukurasa ukabadilika: bei $56, na kofia si yangu.

Nilikasirika kweli. Nikamwandikia muuzaji kwamba mnunuzi wake ni mwizi. Yule mzee (nadhani ni mzee, aliandika kwa utaratibu sana) akanijibu kwa swali moja: ungekuwa tayari kulipa ngapi? Nikajibu bila kufikiri: hata $80. Akasema, basi kwa nini uliandika 55?

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa ule mnada unavyofanya kazi. Ukiweka $55 hulipi $55. Mtambo unakushikia namba hiyo kwa siri na kukupandishia kidogo kidogo, kiasi cha kumpita tu anayekufuata. Kati ya $25 na $99.99 hatua ni dola moja. Aliyekuwa nyuma yangu aliishia $40, ndiyo maana bei ilisoma 41. Aliyenishinda alilipa 56 kwa sababu mimi niliishia 55. Yeye aliandika ngapi? Labda 60, labda 200. Sijui mpaka leo, na haijalishi. Aliweka zaidi yangu, basi. Angeiweka Jumatatu asubuhi ningeshindwa vile vile, ila tu ningepata nafasi ya kupandisha kwa hasira hadi bei ambayo kesho yake ningeijutia.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: anayevizia sekunde ya mwisho hajamkosea mtu adabu. Mnada ule unafungwa na saa, haufungwi na dalali, na kila mtu anaiona saa. Kosa ni kuandika dau ambalo si dau lako la mwisho la kweli, ukitumaini wenzako watakuogopa.

Sasa hilo dau la kweli linatoka wapi? Linatoka kwenye picha, kabla roho haijapata moto. Hapa naomba mnivumilie kidogo kwa sababu ndipo watu wanapopoteza pesa.

Anzeni ndani, msianze nje. Omba picha ya ngozi ya ndani ikiwa imekunjuliwa. Ngozi ikiwa laini, kofia inavaliwa. Ikiwa imekakamaa, ina nyufa na imeachia uzi, ukiivaa mara mbili itapasuka, na kubadilisha ngozi kunaweza kugharimu kuliko kofia yenyewe. Nyuma ya ngozi kuna karatasi ndogo ya saizi na mara nyingi lebo ya chama cha wafanyakazi. Hiyo lebo ni dhahabu. Ikisomeka United Hatters of North America, kofia ni ya kabla ya 1934, maana mwaka huo chama hicho kiliungana na cha washona kepi na kofia za kike, jina likarefuka. Kwa Stetson angalia pia kama imeandikwa Philadelphia. Kampuni ilianzia huko mwaka 1865 na kiwanda cha pale kilifungwa 1971.

Halafu muombe apige picha kofia ikiwa mbele ya dirisha, mwanga upite kwa nyuma. Matundu ya nondo yataonekana kama nyota. Nondo mmoja kwenye ukingo namsamehe. Juu ya kichwa cha kofia simsamehi.

Saizi: usiamini lebo peke yake, ngozi husinyaa kwa miaka. Mwambie apime mzunguko wa ndani kwa futi kamba. Saizi 7 1/4 ya Marekani ni kama sentimita 58, na 7 3/8 ni 59. Ya Uingereza huwa chini kwa moja ya nane, yaani sentimita 58 kwao ni 7 1/8. Wenye vichwa vikubwa mjue kabisa kwamba mtagombania: kofia ndogo zimejaa, kubwa ni chache.

Mwisho kabisa, usafiri. Pama halifiki hata robo kilo, lakini mashirika ya usafirishaji wa haraka yanapiga hesabu ya ukubwa wa boksi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000. Boksi la 40 kwa 35 kwa 20 linahesabiwa kilo 5.6. Toa gharama hiyo kwenye dau lako kabla hujaliandika.

Ukishamaliza hayo yote utakuwa na namba moja kichwani. Iandike kwenye karatasi. Zikibaki sekunde saba, iweke mara moja, na senti za ajabu ajabu mwishoni, maana dau likilingana anashinda aliyetangulia. Pama la pili niliweka $82.37, nikalipata kwa $64. Si kijivu, ni la kahawia, lakini nalivaa.

Karibuni.

---

Mwana wa Feri

Mkuu, nakuheshimu ila hapa sikubaliani nawe. Mimi nimekulia mnada wa samaki wa Feri, Dar. Dalali anamwaga samaki mezani, watu wanapandisha, na hakuna anayeondoka na fungu mpaka sauti zote zimenyamaza. Anaita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Anawatazama watu machoni. Anayetaka kuongeza anaongeza. Hiyo ndiyo haki: aliyeshindwa ameshindwa akiwa amepewa nafasi ya kusema.

Sasa mtu anajificha siku sita, anatokea sekunde ya mwisho, mwenzake hajapata hata pumzi ya kujibu. Feri ukifanya hivyo watakuita mvizia. Na unasema mtu aandike dau lake la kweli, lakini mtu halijui dau lake la kweli mpaka aone wengine wanakithamini vipi kitu. Nikiona wazee watatu wanagombania fungu la nguru, najua lile fungu ni zuri. Si hasira hiyo, ni kujifunza kwa wenzako.

---

Pama la Babu

Mwana wa Feri, umesema jambo zito na hilo la kujifunza kwa wengine nalikubali. Ndiyo hasa sababu wajuzi hujificha! Mtu anayejua lebo za kofia akiweka dau Jumatatu, sisi wengine tunamfuata kwa kuamini macho yake. Anakuwa ametufundisha bure na kujipandishia bei mwenyewe.

Ila tazama, Feri hakuna saa. Ukitaka tabia ibadilike, badilisha namna mnada unavyofungwa. Na hili limeshaonekana. Amazon nao walikuwa na minada, walianza 1999, na wao waliongeza muda: mnada haukufungwa mpaka zipite dakika 10 bila dau jipya. Wachumi wawili, Alvin Roth na Axel Ockenfels, wakalinganisha minada ya pande zote mbili, wakachapisha mwaka 2002. Kwenye eBay watu walivizia sana dakika za mwisho, na wazoefu walivizia zaidi ya wageni. Kwenye Amazon kuvizia kulikuwa kidogo, na wazoefu walivizia kwa uchache kuliko wageni. Binadamu ni wale wale, sheria ya kufunga ndiyo tofauti. Minada ya Yahoo ya Japani nayo muuzaji anaweza kuweka muda ujiongeze, kwa hiyo kule ni kama Feri yako.

---

Londoni Kwa Muda

Kuvizia hakukuanza na intaneti, ndugu zangu. Hapa Uingereza karne ya 17 walinadi kwa mshumaa: wanawasha kipande kidogo, na dau la mwisho kabla mwali haujazimika ndilo linaloshinda. Samuel Pepys, aliyekuwa mtumishi wa jeshi la majini, aliandika Septemba 1662 alivyohudhuria mnada wa namna hiyo. Watu walijivuta mwanzoni, mshumaa ulipokaribia kuzimika wakaanza kupiga kelele wote kwa pamoja. Kulikuwa na mtu mmoja aliyepatia kila mara. Pepys akamuuliza siri yake. Akasema: mwali unapokata roho, moshi hushuka chini. Akiuona moshi unashuka, anapaza sauti.

Mimi yule mtu namheshimu. Wenzake wote walikuwa wanatazama mshumaa ule ule.

---

Mla Mbaazi

Hoja ya kuvizia wageni nawaachia wenyewe. Mimi langu ni kuviziana wenyewe kwa wenyewe, na bado linanichoma.

Tuna kundi la wapenda kofia hapa Mombasa, watu kumi na kitu. Mwaka jana nikaona Borsalino moja, imeelezwa vibaya, muuzaji ameandika "kofia ya zamani ya babu" tu, hata jina la kiwanda hakulitaja, ila kwenye picha ya tatu mhuri wa Alessandria, mji wa Borsalino kule Italia, unaonekana. Nikatuma kiungo kundini nikiuliza: ndugu zangu, hii ngozi mwaionaje, itahimili? Wakanijibu vizuri, wakanipa moyo. Nikaweka dau langu. Ikachukuliwa sekunde ya mwisho. Wiki tatu baadaye naiona kichwani mwa mwenzetu, harusini.

Nikamuuliza. Akasema mnada ni mnada, wewe hukusema unaitaka. Ni kweli sikusema neno "naitaka". Lakini mtu anayeuliza ngozi itahimili anauliza ya nini kama si ya kununua? Hatujazungumza vizuri tangu hapo, na yule ni mtu tuliyesoma naye madrasa moja.

---

Pama la Babu

Mla Mbaazi, pole sana ndugu yangu. Hapa ndipo adabu ilipo hasa. Yule wa Ohio aliyenizidi hanijui, hanidai salamu. Huyu wako alikuwa amekula kwenye sahani yako: jicho ni lako, swali ni lako, yeye akachukua jibu.

Mimi nafuata hivi. Mtu akileta kiungo kuomba ushauri, ile kofia ni yake mpaka mnada ufungwe, hata kama hakutamka neno. Nikiitaka namwuliza: unaiwania? Akisema ndiyo, naondoka. Nikiwa nilishaiona kabla yake, namwambia papo hapo, si baada ya harusi.

Na wewe pia, mara nyingine usitume kiungo. Tuma picha ya ngozi peke yake.

---

Londoni Kwa Muda

Tahadhari ndogo hapo. Kumpisha rafiki ni sawa, lakini tusivuke mpaka. Kuna sheria hapa ya mwaka 1927 inayokataza mfanyabiashara kumpa mwenzake chochote ili asitoe dau mnadani. Wauza vitu vya kale walikuwa wanakubaliana mmoja tu apandishe, wananunua kwa bei ya kutupa, halafu wanajifungia chumbani kukinadi upya kati yao na kugawana faida. Anayeibiwa pale ni mjane aliyeleta vitu vya marehemu. Ukimpisha mtu kwa mapenzi bila kulipwa, hujamdhulumu muuzaji. Mkianza kupeana zamu ili mfanye biashara, mmeshamdhulumu.

---

Kibaraghashia

Assalaam alaykum. Niko Maskati, asili Unguja. Suala langu linafanana na la Mla Mbaazi ila upande wa muuzaji. Mimi natafuta kofia za viua za mkono, za kwetu Unguja na za Lamu, zile ambazo mshonaji anakaa nayo miezi akitoboa na kuzungushia vijicho kwa sindano. Baadhi zimeangukia Ulaya kwenye mirathi, na muuzaji anaziandika "kofia ya sala, Afrika" kwa bei ya chai. Je, ninapaswa kumwambia ana nini mkononi?

---

Pama la Babu

Wa alaykum salaam, sheikh. Nimelifikiria hili sana. Akiniuliza, siwezi kumdanganya, namwambia yote ninayoyajua. Asipouliza, naacha mnada uamue, maana picha ameziweka mwenyewe na wajuzi wengine wanaziona kama mimi. Ila ambacho sifanyi ni kumwandikia pembeni "nikupe pesa sasa hivi, ufunge mnada". Hapo nakuwa nimewanyima nafasi wote waliokuwa wakisubiri, na muuzaji pia nimemnyima bei aliyokuwa aipate. Hilo kwangu ni baya kuliko kuvizia mara kumi.

---

Bi Bitana

Habari za humu. Naomba msaada wa haraka. Niko Minneapolis, Marekani, nataka kumpelekea baba yangu pama Moshi mwezi ujao, anatimiza miaka 80. Nimempima kwa kamba kupitia mdogo wangu, sentimita 59. Kuna Stetson ya kijivu, 7 3/8, imeandikwa Philadelphia, ngozi inaonekana nzima, inafungwa leo saa nne na dakika kumi usiku kwa saa za kwenu. Bei sasa $38. Niweke dau sasa hivi au nisubiri? Na niweke ngapi?

Pia: nimeona kofia moja ya kike ya zamani yenye manyoya ya ndege, nzuri mno. Ipo shida?

---

Londoni Kwa Muda

Ya manyoya iache, dada. Marekani ina sheria ya 1918 ya kulinda ndege wahamao. Kuuza manyoya ya ndege wengi wa porini ni marufuku hata kama kofia ina miaka mia. Ya mbuni au kuku haina tatizo, lakini wewe na muuzaji mtajuaje kwa picha?

---

Pama la Babu

Bi Bitana, hiyo Stetson nilikuwa naifuatilia tangu Jumatatu. Namba yangu nilishaiandika kwenye karatasi. Umeileta hapa na umesema ni ya mzazi, basi nimeitoa kwenye orodha yangu. Usiwe na wasiwasi na mimi.

Mimi ningesubiri. Bei ya $38 haina maana yoyote saa hizi. Muulize muuzaji mambo mawili sasa, maana saa chache zimebaki: picha dhidi ya mwanga, na mzunguko wa ndani kwa futi kamba. Akijibu vizuri, ukiwa na hali kama ile inayoonekana, usione hofu kwenda hadi 90 na kitu. Usiweke 50 ukisema nitaongeza. Hutapata muda wa kuongeza.

Hakikisha umeshaingia kwenye akaunti na njia ya malipo ipo tayari. Intaneti ikiwa nzito, usingoje sekunde saba, weka zikiwa ishirini. Na ukikosea tarakimu, kwa mfano ukaandika 950 badala ya 95, unaruhusiwa kufuta, lakini ndani ya saa 12 za mwisho ni kwa dau uliloliweka chini ya saa moja iliyopita tu, na zikibaki sekunde chache huwezi kuwahi. Soma kabla ya kubonyeza.

---

Mwana wa Feri

Pama la Babu, hapo umenishika. Uliitafuta miaka yote hii, kijivu, saizi ya babu yako, ukamwachia.

Bi Bitana, kwetu tungesema subiri dalali aite mara ya tatu. Huyu wenu haiti, kwa hiyo fanya anavyokwambia.

---

Bi Bitana

Muuzaji amejibu. Sentimita 59 kasoro kidogo. Tundu moja dogo chini ya utepe, halionekani ukivaa. Nimeandika 95.15 kwenye karatasi. Nasubiri.

---

Mla Mbaazi

Tuko nawe dada.

---

Bi Bitana

NIMEIPATA. $88! Ilikuwa $52 mpaka zimebaki sekunde kumi, nikaweka, ikaruka. Kuna mtu mwingine alikuwa anavizia vile vile, naye aliishia 87. Mikono inatetemeka.

Nimeshalipa. Sasa nimwambie nini kuhusu kufunga mzigo?

---

Pama la Babu

Hongera sana! Mwandikie hivi: asiikunje, asiisimamishe kwa ukingo wala asiilaze juu ya ukingo wake. Aigeuze kichwa chini, ajaze karatasi laini ndani, aweke kwenye boksi, na boksi hilo aliweke ndani ya jingine lenye nafasi ya vidole vinne kila upande. Mimi moja ilifika imebonyea kama chapati kwa sababu niliona aibu kumsumbua muuzaji.

Ikifika, usianze kuipiga brashi chumbani. Viwanda vya kofia Marekani vilitumia zebaki kutayarisha manyoya ya felti mpaka ilipopigwa marufuku mwaka 1941. Mafundi wengi wa Danbury, Connecticut, walitetemeka mikono kwa sababu hiyo. Ikiwa yako ni ya kabla ya hapo, brashi iwe ya taratibu, nje penye hewa, na unawe. Angalia lebo nyuma ya ngozi utuambie imeandikwaje.

Na mzee akiivaa, tunaomba picha.

---

Bi Bitana

Nimemwandikia. Amesema boksi mbili si tatizo, anaituma kesho. Lebo nitaileta humu ikifika.